Hofu, Pumzi na Uchungu: Mbinu ya Kujituliza Wakati wa Kuzaa Ilitoka Wapi?

Katika ploti za Kibera na Kawangware akina mama huulizana kwa minong'ono: je, ni kweli mtu anaweza kuituliza akili yake mwenyewe mpaka uchungu wa kuzaa upungue? Wengine wamesikia jina hipnosisi, na wakilisikia hufikiria uchawi au mapepo. Leo tufuate historia yake. Ukijua jambo lilikotoka, utajua la kuchukua na la kuacha.

Jina hilo lilienezwa miaka ya 1840 na James Braid, daktari Mskoti aliyefanya kazi Manchester, Uingereza. Alilitoa kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya usingizi. Hapo alitupotosha kidogo, kwa sababu mtu huyo hajalala. Anasikia, anaongea, na akitaka anainuka. Ni kama wewe unapomtazama mtoto akinyonya mpaka husikii kelele za matatu nje, fikira zako zote zimekwenda mahali pamoja. Ukijifundisha kuingia katika hali hiyo bila kuongozwa na mtu, hiyo ndiyo mbinu tunayoizungumzia.

Wakati ule ule madaktari walikuwa wakitafuta dawa. Mwaka 1847, huko Edinburgh, James Young Simpson alianza kuwapa wazazi klorofomu, aina ya nusu kaputi ya kuvuta puani. Malkia Victoria aliitumia mwaka 1853, na baada ya hapo nani angeikataa?

Mwanamke mmoja maskini aliikataa. Alikuwa akiishi Whitechapel, mashariki mwa London, mwanzoni mwa karne ya 20, katika chumba kibovu ambacho mvua iliingia kwa dirisha lililovunjika. Wewe uliyelala chini ya mabati yanayovuja unakijua chumba hicho. Daktari kijana, Grantly Dick-Read, alimpa klorofomu akakataa, akajifungua kwa utulivu. Daktari alipomuuliza sababu, akamjibu kwamba hakuumia, wala hakudhani alitakiwa kuumia.

Jibu hilo halikumtoka daktari akilini. Kutokana nalo na mengine aliyoyaona, alifundisha kwamba hofu huleta mkazo wa misuli, mkazo huongeza maumivu, na maumivu huzidisha hofu, mama akabaki anazunguka humo. Dawa yake ilikuwa kumfundisha mama mapema kinachotokea mwilini, kumzoesha kulegeza misuli na kupumua taratibu, na kutomwacha peke yake. Aliandika vitabu mwaka 1933 na 1942. Mwenyewe hakupenda kazi yake iitwe hipnosisi, lakini waliofundisha hipnosisi ya uzazi baadaye, kama Marie Mongan wa Marekani mwaka 1989, walijenga juu yake.

Huko Kharkov, Ukraine, madaktari Platonov na Velvovsky walitumia hipnosisi yenyewe kwa wazazi tangu miaka ya 1920. Tatizo lilikuwa muda, maana daktari mmoja angewatuliza wanawake wangapi? Wakageuka kuwafundisha akina mama kwa vikundi, wajitulize wenyewe. Mfaransa Fernand Lamaze aliiona mbinu hiyo mwaka 1951, akaipeleka Paris, na kutoka huko ikasambaa.

Sasa kuna jambo la kutukasirisha kidogo. Dick-Read alihamia Afrika Kusini, akasafiri barani mwetu kuwatazama wanawake wakizaa, na mwaka 1955 akatoa kitabu kuhusu safari hiyo. Aliamini kwamba wanawake aliowaona "hawajastaarabika" huzaa kwa urahisi. Si kweli. Uchungu hauulizi kabila. Imani ya namna hiyo bado iko kwetu kwa sura nyingine, pale mama anapolia na kuambiwa, "Mbona unapiga kelele, wewe ni wa kwanza kuzaa?" Mama akilia hajashindwa, na aliyenyamaza hajamzidi kitu.

Wazee wetu walijua sehemu ya siri hii. Pwani msichana alifundishwa na somo wake, na kwa Wajaluo nyamrerwa alikaa na mzazi. Hospitali zilipokuja, kama ile ya Pumwani iliyoanzishwa mwaka 1926, zilileta upasuaji na damu ya kuongezewa, mambo yanayookoa maisha. Lakini mara nyingi jamaa aliachwa langoni, na mama akaingia peke yake na hofu yake.

Wataalamu wamepima nini? Uchambuzi wa mwaka 2016 uliojumlisha tafiti 9 na wanawake 2,954 ulionyesha kwamba hipnosisi huenda ikapunguza matumizi ya dawa za maumivu. Haukuonyesha wazi kwamba inaongeza idadi ya wanaojifungua kwa njia ya kawaida. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza mbinu za kupumua na kulegeza misuli kwa mama mwenye afya anayetaka nafuu, na pia kila mama awe na mwenzi wa kumsindikiza.

Basi anza mwezi wa saba, kila usiku watoto wakishalala. Lala kwa ubavu. Vuta pumzi kwa pua ukihesabu hadi 4, itoe polepole kwa mdomo ukihesabu hadi 6. Legeza taya, kisha mabega, kisha vidole. Chagua picha moja, labda mto wa kwenu mashambani, na neno moja la kujiambia kila unapotoa pumzi. Yule atakayekusindikiza ajifunze pamoja nawe, kwa sababu uchungu ukipamba moto utasahau, yeye akukumbushe. Kliniki muulize sista mapema kama mwenzi ataruhusiwa kuingia.

Na hapa sikiliza vizuri. Utulivu hausimamishi damu wala hauteremshi presha. Ukiona damu inatoka, kichwa kinauma sana na macho yanaona ukungu, homa, degedege, chupa imepasuka, au mtoto amepunguza kucheza, usikae nyumbani ukihesabu pumzi. Nenda hospitali mara moja, hata kama ni saa nane usiku. Kwa hiyo tafuta leo jirani mwenye gari au teksi inayokubali kuingia mtaani kwenu usiku, andika namba yake nyuma ya kitabu chako cha kliniki, na nauli uiweke kando ambapo haitaguswa kwa ajili ya unga.