Kutoka Msalaba wa Shaba hadi Faranga: Fedha Yetu Inanunua Nini?

Katika shirika letu hapa Kakontwe, mjini Likasi, mimi ndiye ninayeandika kitabu cha sanduku la msaada wa wafiwa. Mwanzoni mwa mwaka 2016 tulipatana kila nyumba itoe faranga 500 kwa mwezi. Mwaka 2024 mama mmoja mjane alikuja kupokea msaada wake. Alihesabu noti polepole, kisha akasema: "Baba Katekista, zamani msaada huu ulinunua sanda na unga wa matanga. Leo hautoshi hata unga. Nani amezila fedha zetu?" Nilimfungulia kitabu. Hesabu ilikuwa sawa, hakuna faranga iliyopotea. Hata hivyo mama yule alisema kweli: kitu kilikuwa kimepungua. Ili kumjibu vema, yafaa tuangalie historia ya fedha katika Katanga yetu.

Wazee wetu hawakungoja wageni wawafundishe fedha. Walichimba mawe ya shaba, wakayayeyusha kwa makaa katika tanuru za udongo, wakaimimina shaba katika kalibu yenye umbo la msalaba. Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, Mbenedikto aliyeongoza Kanisa la Katanga, aliandika habari za mafundi hao mwaka 1926 na kuwataja kwa jina la wala shaba. Mwaka 1957 na 1958 wataalamu walichimba makaburi ya kale huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, wakakuta misalaba hiyo pamoja na mifupa ya wafu. Katika makaburi ya zamani zaidi misalaba ni michache na mikubwa. Katika yale ya baadaye ni midogo, mingi, na vipimo vyake vinakaribiana. Wataalamu wameona hapo dalili kwamba misalaba ilikuwa imekwisha kuwa fedha ya kuhesabiwa. Fedha hiyo ilikuwa na ulinzi wake: haikufanyika pasipo jasho. Hakuna mfalme aliyeweza kutengeneza misalaba elfu kwa usiku mmoja.

Faranga ya Kongo ilianza mwaka 1887, ikilingana na faranga ya Ubelgiji. Mwaka 1960, wakati wa uhuru, dola moja ya Marekani ilibadilishwa kwa faranga 50. Katanga ilipojitenga, tangu Julai 1960 hadi Januari 1963, ilitoa fedha yake. Sarafu zake za mwaka 1961 zilikuwa na ndizi upande mmoja, na upande wa pili ule msalaba wa shaba wa wazee. Lakini kuchora msalaba juu ya sarafu si kurudisha ulinzi wake.

Sasa tufuate mteremko. Novemba 1961 dola ilifika faranga 65 hivi. Mwaka 1963 ilipita 150. Tarehe 24 Juni 1967 faranga iliondolewa, ikaja zaire: zaire moja kwa faranga 1,000. Zaire hiyo ilinunua dola mbili, maana yake dola moja ilikuwa imefika faranga 500. Wazee wengi bado wanaikumbuka zaire ya kwanza kwa heshima, pamoja na makuta yake, 100 katika zaire moja.

Kisha bei ya shaba duniani ilianguka mwaka 1974, na nchi iliyoishi kwa shaba ikakosa mapato. Serikali haikupunguza matumizi kwa kadiri hiyo. Ilikopa, ikachapa noti. Noti zikawa nyingi, na vitu vya kununua havikuongezeka. Hapo ndipo chanzo cha ugonjwa wote. Siku ya Noeli ya mwaka 1979 ilitangazwa kwamba noti za zaire 5 na 10 hazitumiki tena. Watu walipewa siku chache kuzibadilisha, tena kwa kiasi kilichowekewa mpaka. Aliyekuwa na akiba yake kijijini, mbali na benki, alibaki na karatasi. Septemba 1983 dola ilifika zaire 30 hivi.

Mwaka 1990 mgodi wa Kamoto, karibu na Kolwezi, uliporomoka, na shaba ya Gécamines ikapungua sana. Mwishoni mwa 1992 ikatokea noti ya zaire 5,000,000. Wafanya biashara wa Kinshasa waliikataa, na askari waliolipwa kwa noti hiyo wakafanya ghasia mnamo Januari 1993. Hapo twaona jambo kubwa: noti ni fedha kwa sababu muuzaji anakubali kuipokea. Oktoba 1993 ilikuja zaire mpya, moja kwa zaire 3,000,000 za kale. Wakasai waliikataa, wakaendelea na noti zao chakavu. Kwa kuwa noti hizo hazikuchapwa tena, bei kwao zilipanda polepole kuliko Kinshasa. Tarehe 30 Juni 1998 faranga ilirudi, moja kwa zaire mpya 100,000. Ukipiga hesabu yote, faranga moja ya 1998 ni sawa na faranga za 1960 zenye tarakimu 3 ikifuatwa na sufuri 14.

Wengine husema: "Basi tuweke dola, yatosha." Dola imetusaidia, lakini nayo si jiwe. Tangu 1967 hadi 2024 bei za vitu huko Marekani zimepanda zaidi ya mara tisa. Tena kiwango cha kubadilisha fedha hakitupi habari yote ya soko. Katanga hula mahindi mengi ya Zambia. Zambia ilipofunga kuuza mahindi nje mwaka 2016, unga ulipanda bei kwetu, na mwenye dola alisumbuka pamoja na mwenye faranga. Mtu hali dola, hula bukari.

Sasa turudi kwa mama yetu. Mwanzoni mwa 2016 dola ilikuwa karibu faranga 930, na faranga zetu 500 zilizidi nusu dola. Mwaka 2024 dola ilifika karibu faranga 2,800. Faranga zile zile 500 hazikufika hata sehemu ya tano ya dola. Hakuna mwizi aliyeingia sandukuni. Ila sisi viongozi tulikosa: tulilinda hesabu ya noti, hatukulinda unga wa mjane.

Nilimweleza hivyo, nikaomba radhi. Shirika lilipokutana tulikata shauri. Kila miezi mitatu tunauliza sokoni bei ya unga, na mchango wa nyumba unapangwa kufuatana nayo. Katika kitabu, mbele ya kila kiasi cha faranga, naandika pia ni kilo ngapi za unga. Nacho kinachobaki hatukilazi sandukuni. Tumekwisha kununua viti na turubai, ambavyo wenye sherehe hutulipa kuvitumia, na wafiwa huvipata bure. Mama yule ndiye aliyechaguliwa kwenda sokoni kuuliza bei.