Kwa nini seva husahau mipangilio ya mtandao, na jinsi ya kuikomesha hali hiyo

KATIKA mitaa kama Kitisuru, eneobunge la Westlands jijini Nairobi, si ajabu kupata ofisi ndogo, shule au zahanati inayotegemea seva moja iliyowekwa katika chumba cha nyuma. Seva ni tarakilishi inayozihudumia nyingine zote: ndiyo huhifadhi faili, hesabu na kumbukumbu za wateja. Ikipoteza anwani yake ya mtandao, kazi husimama hata kama kila mtambo unawaka. Aghalabu fundi huitwa, akaiandika anwani upya, akalipwa na kuondoka. Siku chache baadaye, tatizo hurejea.

Hurejea kwa sababu kilichotibiwa ni dalili. Seva haisahau jinsi binadamu asahauvyo. Mipangilio ikitoweka, ama haikuwahi kuandikwa katika diski, ama programu nyingine imeiandika upya, ama ingali pale lakini haisomwi.

Chunguza wakati

Swali la kwanza ni hili: mipangilio hupotea lini? Ikipotea kila seva inapowashwa upya, yamkini iliwekwa katika kumbukumbu ya muda pekee. Katika mfumo wa Linux, anwani iliyoongezwa kwa amri ya "ip addr add" hufanya kazi papo hapo, lakini hufutika mtambo uzimwapo. Sharti iandikwe katika faili ya mipangilio.

Ikipotea baada ya saa kadhaa bila seva kuzimwa, shuku huduma ya DHCP. Huduma hii, ambayo kanuni zake za sasa zilichapishwa mwaka wa 1997, huazima anwani kwa muda maalumu. Kwa kawaida, nusu ya muda huo ikipita, seva huomba kuongezewa, na majibu yanaweza kufuta yaliyoandikwa kwa mkono, hasa katika faili ya /etc/resolv.conf yenye anwani za seva za majina.

Ikipotea baada ya umeme kukatika, tazama anwani iliyopo. Inayoanza kwa 169.254 ina maana kuwa seva iliomba anwani bila kujibiwa. Huenda iliamka kabla ya ruta kuwa tayari. Aidha, kuzimika ghafla kunaweza kuharibu mpangilio wa faili hata diski ikawa ya kusomwa tu. Lolote liandikwalo hapo halitahifadhiwa.

Mafundi wengine hukimbilia kubadilisha betri ya ubao mkuu, ile ya volti 3 iitwayo CR2032. Betri hiyo ikifa, saa hupotoka na mipangilio ya msingi ya mtambo inaweza kubadilika. Hata hivyo, anwani ya mtandao huhifadhiwa katika diski, kwa hivyo betri mpya pekee haiwezi kuirejesha.

Mkono mmoja pekee

Chanzo kingine ni programu mbili kushindania faili moja. Ubuntu ya seva, tangu toleo la 17.10 la mwaka wa 2017, hutumia Netplan. Lakini programu ya cloud-init inaweza kuandika upya faili ya 50-cloud-init.yaml na kufuta marekebisho ya fundi. Tiba ni kuikataza isishughulikie mtandao, kupitia faili iliyo katika saraka ya /etc/cloud/cloud.cfg.d, kisha kuandika mipangilio katika faili tofauti ya Netplan.

Vilevile, chunguza jina la kadi ya mtandao. Kadi nyingine ikiongezwa, jina kama enp3s0 linaweza kugeuka enp4s0, na mipangilio ya jina la zamani ikakosa mwenyewe.

Anayerekebisha seva akiwa mbali atumie amri ya "netplan try". Asipothibitisha mabadiliko, mfumo hurudisha mipangilio ya awali baada ya sekunde 120, hivyo hatajifungia nje. Akisahau kuthibitisha, naye atadhani seva imesahau.

Kwa ofisi nyingi, njia rahisi ni kuiachia ruta kazi hiyo: iagizwe kuitengea seva anwani ileile daima kwa kutambua nambari ya kadi yake. Fundi akipendelea anwani isiyobadilika ndani ya seva, basi aiondoe katika orodha ya zile ambazo ruta huazima, la sivyo chombo kingine kitapewa anwani hiyohiyo na vyote viwili vitagongana.

Mwisho, mwenye ofisi asikubali kuwa kazi imekamilika kabla ya jaribio moja. Faili zihifadhiwe na watumiaji waondoke, kisha seva na ruta zizimwe kwa utaratibu na kuwashwa pamoja, fundi angali papo. Anwani ikirudi ilivyokuwa, iandikwe kwenye karatasi pamoja na jina la faili ilimohifadhiwa, ili fundi ajaye asianze upya.