Mbabula, mvua na madirisha yenye kufungwa: hewa gani tunavuta usiku?

Mvua ikisharudi, mwezi wa tisa, nyumba nyingi za Bukavu na Goma zinafungwa. Dirisha linafungwa juu ya baridi na juu ya wezi, tundu za juu ya ukuta zinazibwa na kitambaa ao kipande cha karto, na jioni mbabula inaingizwa ndani. Hapo vitu viwili vinaanza: nyumba inalowana kutoka ndani, na hewa ya chumba inabadilika. Cha kwanza kinaletea watoto kikohozi. Cha pili kinaweza kuua watu wa nyumba nzima mbele ya asubui.

Tuanze na maji. Wakaaji wengi wanaona matone yakianguka ku kitanda asubui na wanasema bati limetoboka. Mara nyingi bati ni zima. Maji yanatoka kwetu wenyewe: sufuria ya maharagi inayochemka masaa matatu, nguo zenye kuanikwa mu saloni, pumzi ya watu sita mu chumba kimoja. Hewa yenye joto inabeba mvuke mwingi. Ikigusa bati lenye baridi, inashindwa kuubeba na inauacha pale. Bukavu iko karibu metre 1 500 juu ya usawa wa bahari, usiku ni baridi kweli, na bati bila plafon linapoa haraka.

Kisha siku chache kuvu inatokea, yale madoa meusi ku pembe za ukuta, nyuma ya kabati na chini ya matela. Mu mwaka wa 2009 Shirika la Afya Ulimwenguni, OMS, lilitoa maelekezo juu ya unyevu na kuvu mu nyumba: wenye kuishi fasi ya namna hii wanapata zaidi kikohozi, shida ya kupumua na pumu. Kupaka rangi juu ya kuvu ni kutupa feza, itatoboa rangi na kurudi. Osha na maji ya sabuni na brosi, ukaushe vizuri. Ku ukuta wa simenti unaweza kisha kupitisha Javel kidogo ndani ya maji, dirisha likiwa wazi. Lakini usichanganye Javel na siki wala na dawa ya kusafishia choo, inatoa gesi yenye kuchoma mapafu. Ku mbao Javel haiingii ndani sana. Ubao ulioanza kuoza ni kubadilisha tu. Na kitanda kisigusane na ukuta, acha nafasi ya mkono.

Sasa mbabula. Moshi wa kuni unajitangaza: unawasha macho, unakohoa, unatoka inje. Makala haijitangazi. Ikisha kuwa nyekundu bila moshi, watu wanasema «sasa iko safi, tuingize». Ni pale njo kosa liko. Makala nyekundu inatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu wala rangi, na hata ikifunikwa na majivu inaendelea kuitoa. Mu damu gesi hii inachukua nafasi ya oksijeni, na inashika kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Mbabula ya kisasa inapunguza makala unayonunua, ni jambo zuri, lakini nayo haifai kulala nayo. Wale wanaoipeleka kwa chumba cha mama aliyejifungua, ili mtoto asisikie baridi, wajue kwamba mtoto mdogo, na hata yule angali tumboni, anaumizwa haraka kuliko mtu mkubwa. Mpashe mtoto joto ku kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, na blanketi juu.

Dalili zake zinadanganya: kichwa kuuma, kizunguzungu, kutapika, miguu kulegea. Kwetu mtu akisikia hivi anasema ni malaria, anakunywa dawa na anarudi kulala mu chumba kile kile. Angalia jambo moja: malaria haikamati watu wote wa nyumba saa moja, na haipungui juu umetoka inje kupunga hewa. Na pale watu wanapokutwa wamekufa asubui, bila kidonda, mlango umefungwa kwa ndani, mtaa unaanza kusema sumu, karuho, na kidole kinaelekea kwa jirani ao kwa mama mkwe. Mbele ya kumshitaki mtu, muulize kwanza mbabula ililala wapi.

Wakaaji wa Goma watasema: hii si mazuku? Hapana. Mazuku ni kaboni dioksidi ya volkano, nzito kuliko hewa, inatoka mu udongo na kujaa mu mashimo na mabonde madogo, zaidi upande wa mangaribi ya mji, karibu na ziwa. Gesi ya makala inajichanganya na hewa yote ya chumba. Kwa hiyo dirisha linasaidia juu ya makala, lakini mwenye kujenga mu shimo la mazuku asitumainie dirisha, linaweza hata kuingizia gesi ndani.

Kupitisha hewa kunaomba tundu mbili, moja chini, ingine juu upande wa pili, juu hewa yenye joto inapanda. Weka klostra ao fito za chuma, na wavu juu ya mbu. Mchana fungua kila kitu, hata kama ni robo saa mbele ya mvua. Lakini tundu hizi ni za kutoa unyevu. Haziruhusu mbabula kulala ndani. Grupu ya umeme nayo haikai mu kuluare wala chini ya dirisha, inatoa gesi ile ile.

Kule Uvira, Kalemie na Kindu shida ni joto, na wenye uwezo wanaweka klima. Ile ya ukutani inazungusha hewa ile ile, haileti mpya. Osha filtre yake kila majuma mawili na maji ya sabuni, ikaukie kivulini.

Ukikuta mtu amezimia karibu na mbabula, fungua mlango, mvute inje haraka, usibaki ndani. Ku hospitali sema wazi kwamba makala ilikuwa ikiwaka ndani, ili apewe oksijeni. Usiponyamaza unamsaidia muganga, juu kale kamashine ka kuweka ku kidole kanaweza kuonyesha oksijeni ya kutosha na mtu yuko anakufa.