Mama Sarah wa Kogelo

Hussein Onyango Obama alikulia Kanyadhiang, karibu na Kendu Bay. Alikuwa mpishi wa Waingereza, akasilimu, kisha akahamisha mji wake hadi Nyang'oma Kogelo, Alego, kwenye ardhi ya wazee wake. Miongoni mwa wakeze alikuwamo Sarah, binti wa huko huko Nyanza, mzaliwa wa 1922. Mke mwenzake, Akumu, alipoondoka na kuwaacha watoto, Sarah ndiye aliyewalea.

Mmoja wao alikuwa Barack. Mwaka 2014 Mama Sarah alisimulia jinsi alivyokuwa akimpakia kwenye baiskeli kila siku, kama kilomita 10, kumpeleka shule Ngiya. Yeye mwenyewe hakujua kusoma. Barua zilimfikia, akazishika tu mkononi. Kwa hiyo aliapa kwamba hakuna mtoto wa nyumba ile atakayekosa shule. Safari ya Barack ya mwaka 1959 kwenda kusoma Hawaii, kwangu mimi, ilianzia kwenye baiskeli ile.

Mumewe alifariki miaka ya 1970. Mwaka 1982 Barack naye akafa kwa ajali ya gari Nairobi. Mjane akabaki na makaburi mawili uani, shamba lake, wajukuu, na yatima wengi aliowalisha na kuwasomesha.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 alifika mjukuu kutoka Marekani, mwana wa Barack aliyeitwa pia Barack, asiyejua Kijaluo. Mama Sarah alimketisha akamhesabia wazee wa ukoo, jina baada ya jina, dada yake Auma akitafsiri. Masimulizi hayo yaliingia katika kitabu cha mjukuu huyo cha mwaka 1995. Ukoo wa Wajaluo huhesabiwa kwa wanaume, lakini huu umewafikia wasomaji wa dunia nzima kutoka kinywani mwa mke aliyeolewa humo, ambaye hata damu hakuchangia na Barack huyu mdogo. Kwa damu, bibi yake ni Akumu. Aliyemwita Dani, yaani bibi, ni Sarah.

Baada ya mjukuu huyo kuchaguliwa rais wa Marekani Novemba 2008, umeme ulifika Kogelo, na wageni hawakukatika langoni pa Mama Sarah. Januari 2009 alikuwa Washington mjukuu akiapishwa.

Alifariki Kisumu tarehe 29 Machi 2021, akiwa na miaka 99. Kesho yake alizikwa Kogelo kwa taratibu za Kiislamu.