Maamkio, Mlango wa Mazungumzo

Hotuba ya mbele ya watu wengi ina utaratibu wake, nayo hutengenezwa kabla ya siku yake. Bali mazungumzo ya watu watatu au wanne hayana mwenyekiti wala karatasi. Nani aanze? Aanze kwa neno gani? Waswahili wa pwani waliyajibu maswali haya tangu zamani, na jibu lao ni maamkio. Katika makala hii twataka kuchungua jinsi maamkio yanavyofungua mazungumzo, na hasa habari za salamu moja iliyokuwa ya watumwa, ambayo leo ni ya watu huru.

Kwanza tutazame baraza. Baraza ya nyumba za mawe ni kiti kilichojengwa nje, ubavuni mwa mlango, ambapo wageni hupokewa pasipo kuingia ndani. Hapo ajaye ndiye aanzaye. Huwaambia walioketi, "Salaam aleikum," nao huitikia, "Aleikum salaam". Hata akiitikia mmoja, amewatosha wote. Utaratibu huu umetoka katika mafundisho ya Kiislamu, ya kwamba aliyepanda mnyama humwamkia aendaye kwa miguu, aendaye humwamkia aketiye, na wachache huwaamkia wengi. Naye afikaye mlangoni hupiga hodi, na asipoitikiwa "Karibu" baada ya mara 3, hurudi zake bila kinyongo.

Kisha hufuata "Hujambo?" Maana yake ni kuuliza kama mtu hana jambo, yaani jambo la kumsumbua. Huitikiwa "Sijambo," hata kama mwenye kuulizwa ana homa. Mgeni wa lugha hudhani ya kuwa huu ni uongo. Lakini na angoje kidogo. Akiulizwa habari za nyumbani, yule yule atasema, "Njema, ila mtoto hawezi." Heri hutangulia, na shida huja nyuma ya neno "ila". Basi mazungumzo ya kweli huanzia hapo, na msikilizaji mwema hulingojea neno hilo dogo.

Sasa tuje kwenye shikamoo. Asili yake husemwa kuwa ni "nashika miguu", na katika karne ya 19 ilikuwa salamu ya mtumwa kwa bwana wake, na ya mnyonge kwa mkubwa. Edward Steere, aliyekuwa askofu baadaye, alipotoa kitabu chake cha kufundishia Kiswahili katika mwaka 1870, soko la watumwa la Unguja lilikuwa lingali wazi. Lilifungwa mwaka 1873. Hata hivyo utumwa haukukoma siku ile. Sheria iliuondoa Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na Tanganyika mwaka 1922. Mtu angalidhani ya kuwa salamu ya watumwa ingalikufa pamoja na utumwa. Haikufa, heshima aliyoidai bwana ikarithiwa na mzee.

Kwa nini ilidumu? Twaona ya kuwa ni kwa sababu ya kazi inayoifanya. Mtoto aingiapo penye watu wazima hana la kusema, wala hajui kama ameruhusiwa kusema. Shikamoo humpa neno la kuanzia. Mkubwa huitikia "Marahaba", neno la Kiarabu la kumkaribisha mtu, na kwa desturi njema haishii hapo, bali huuliza, "Hujambo? Habari za utokako?" Hivyo aliye mdogo kuliko wote amekwisha kuingia katika mazungumzo.

Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, Watanzania walizidi kuitana "ndugu", wakitangaza usawa wa watu wote. Na shikamoo ikaendelea vile vile. Twadhani mambo haya mawili hayapingani. Mtumwa alimshika bwana wake miguu pasipo tumaini la kuitikia marahaba kwa bwana yule hata siku moja. Lakini kijana huzeeka, na salamu aliyoitoa jana ataipokea kesho.

Wako wasemao ya kuwa neno hili litupwe kwa sababu ya asili yake, wala si haki kuwacheka, kwa maana machungu wanayoyakumbuka ni ya kweli. Tena hatari yake haijaisha. Tajiri kijana akimngojea mzee maskini amwambie shikamoo, au mwenye cheo akiidai kwa mtu aliyemzidi umri, neno limerudi utumwani. Kipimo basi ni hiki: likifuata umri, ni adabu, likifuata mali au cheo, ni ule utumwa wa zamani.

Kwa hiyo yatupasa sisi tufundishao kuwaeleza wanafunzi historia ya neno hili pasipo kuificha. Wakiisha kuijua, na watuone tukiwaamkia wazee wao maskini kama tunavyowaamkia wakubwa wa mji. Nao watuamkiapo njiani, tusiitikie "Marahaba" na kupita. Aitikiaye na kupita amepokea heshima yake, na mlango ameufunga. Na tusimame, tuulize habari, tukaingojee ile "ila".