Maabara na Mgodi: Historia Fupi ya Utafiti wa Viwanda Katanga

Wanahistoria wa Katanga wamezoea kuhesabu tani za shaba. Wachache wameuliza elimu ya kuigeuza shaba hiyo ilitunzwa wapi, na kwa fedha za nani. Swali hili lilirudi Aprili 2022, Chuo Kikuu cha Lubumbashi kilipozindua kituo cha Kiafrika cha utafiti wa betri.

Chuo chetu kilifunguliwa mwaka 1956. Wakati huo tanuru la Lubumbashi lilikuwa na umri wa miaka 45, na kiwanda cha Shituru, huko Jadotville (Likasi ya leo), kilikuwa kikisafisha shaba kwa umeme tangu 1929. Maabara zilikuwa mali ya Union Minière, na maswali yaliyoulizwa humo pia yalikuwa yake: vipi kupata metali nyingi zaidi kwa gharama ndogo zaidi. Kuunda waya au mota hakukuwa swali la Katanga.

Serikali ilipoitwaa kampuni hiyo mwaka 1967, na kuipa baadaye jina la Gécamines, ilirithi maabara pamoja na maswali yake. Idara ya taaluma za metalujia, EMT, iliendelea Likasi, tena kwa kazi ya heshima. Lakini mshahara wa mtafiti, asidi yake na vipuri vyake vilitoka katika mfuko uleule wa mgodi. Hapo ndipo penye fundo. Mgodi wa Kamoto ulibomoka Septemba 1990, na uzalishaji wa shaba, uliopita tani 400,000 kwa mwaka katikati ya miaka ya 1980, ukashuka chini ya 50,000 mwaka 1994. Ziwa la mama likikauka, mtoto anyonye wapi?

Mwaka 2023 Kongo ilitoa zaidi ya asilimia 70 ya kobalti ya dunia, nyingi ikiondoka kama hidroksidi, unga wa kwenda kukamilishwa China. Shirika la BloombergNEF lilikadiria mwaka 2021 kwamba kiwanda cha kutayarisha tani 10,000 za mchanganyiko wa awali wa betri kingegharimu dola milioni 39 nchini Kongo, na milioni 117 Marekani. Hesabu hiyo yavutia, na tarehe 29 Aprili 2022 Kongo na Zambia zilitia sahihi mjini Lusaka makubaliano ya kushirikiana katika betri. Lakini kuchanganya kobalti, nikeli na manganizi kwa usafi unaotakiwa hufundishwa maabarani, wala si katika makubaliano, na mafunzo hayo huchukua miaka.

Soko halikungoja. Bei ya kobalti ilianguka mno hata Februari 2025 serikali ikasimamisha usafirishaji wake nje. Mtafiti wa betri anayelipwa kwa mapato ya kobalti angekuwa, mwezi huo, katika hali ya mwenzake wa Likasi mwaka 1990. Kwa hiyo swali la kwanza juu ya kituo hiki ni katika fungu lipi la bajeti ya taifa jina lake limeandikwa, na kwa miaka mingapi.