Barua ya 1931 na kitabu cha 1940: uaminifu wa msaka mizimu

Mwaka 1931 Harry Price, msaka mizimu aliyevuma kuliko wote Uingereza katika zama zake, aliandika barua ya faragha kuhusu nyumba aliyotoka kuizuru katika kijiji cha Borley, Essex. Alisema bila kuzunguka kwamba yeye na wenzake walikuwa wameridhika kuwa vituko vingi walivyoviona ni vya udanganyifu. Walipowadhibiti watu na vyumba, vituko vilikoma. Waliamini mhusika ni mke wa kasisi, ingawa Price aliongeza kwamba huenda mama yule alisukumwa na maradhi ya akili.

Miaka tisa baadaye, mwaka 1940, Price alichapisha kitabu kuhusu nyumba hiyohiyo. Alikiita The Most Haunted House in England, yaani nyumba yenye mizimu kuliko zote nchini humo. Vituko vya miaka ya kasisi yule na mkewe vilikuwa sehemu kubwa ya ushahidi wake. Hukumu ya ile barua, kwa ukali uleule, haikumfikia msomaji.

Katika historia nzima ya Borley, pengo hili kati ya maandishi mawili ya mkono mmoja ndilo linalonisumbua zaidi. Watu hubishana hadi leo kama mtawa alionekana bustanini au hakuonekana, na kama kokoto zilirushwa na mzimu au na mtu. Mabishano hayo hayana mwisho, kwa sababu waliokuwapo wamekufa na nyumba haipo. Lakini alichokijua Price na alichokiandika vimehifadhiwa, na vinaweza kuwekwa mezani pamoja.

Price hakuwa mwanasayansi wa kazi. Alizaliwa London mwaka 1881, akajipatia riziki kwa kuuza karatasi, na tangu utotoni alipenda mazingaombwe hata akaja kuwa mwanachama wa Magic Circle, chama cha wafanya viinimacho. Ujuzi huo ulikuwa silaha yake kubwa. Tangu 1882 kulikuwa na Society for Psychical Research, chama cha wasomi kilichochunguza mambo ya roho, lakini msomi aliyezoea kuaminiana na wenzake maabara hudanganywa kirahisi na mtu mwenye vidole vyepesi. Price alijua vidole hivyo hufanya nini gizani.

Sifa yake aliipata kwa haki. Mwaka 1922 alimtega William Hope, mpiga picha aliyejitajirishia jina kwa kuwatolea waombolezaji picha zenye sura za wapenzi wao waliokufa. Ilikuwa miaka michache tu baada ya vita vilivyomaliza vijana wa Ulaya, na kila mama aliyefiwa alitamani kumwona mwanawe mara moja zaidi. Price alikwenda na bamba za kioo zilizotiwa alama ya siri kwa miale ya eksirei na kiwanda kilichozitengeneza: mchoro wa simba ambao ungetokea bamba likisafishwa. Bamba lililotokea na “roho” halikuwa na simba. Hope alikuwa amebadilisha bamba. Mwaka 1931, mwaka uleule wa barua ya Borley, Price alimchunguza Helen Duncan, mwita roho wa Scotland, akahitimisha kuwa ute mweupe uliomtoka kinywani ulikuwa kitambaa chepesi alichokimeza kabla ya kikao. Mtu huyu alijua kabisa uongo unavyofanyika na unavyowaumiza watu. Ndiyo maana siwezi kulipita suala la Borley kwa wepesi.

Nyumba yenyewe ilijengwa 1862 na 1863 na Kasisi Henry Bull, jumba la matofali mekundu alilohitaji kwa familia iliyofikia watoto 14. Haikuwa na umeme wala gesi, na ilijaa panya. Hadithi zilikuwapo mapema: mtawa aliyezikwa hai ukutani kwa kutoroka na mpenzi wake, na gari la farasi lililopita usiku. Wachunguzi wa historia hawakupata ushahidi wa nyumba ya watawa mahali hapo. Hata hivyo mabinti wa Bull walishikilia hadi uzeeni kwamba jioni ya Julai 28, 1900 walimwona mtawa kwenye nyasi za bustani, na sina sababu ya kuwaita waongo. Kuona kitu magharibi na kukisimulia kwa uaminifu ni jambo moja. Kujua ulichokiona ni jambo jingine.

Mwaka 1928 akahamia Kasisi Guy Eric Smith na mkewe. Walichoshwa na minong’ono ya waumini waliokataa kukanyaga nyumba hiyo baada ya giza, wakaandikia gazeti la Daily Mirror kuomba waelekezwe kwa chama cha kuchunguza mambo haya. Gazeti likatuma mwandishi, na mnamo Juni 12, 1929 Price akafika. Jioni hiyo kioo kilivunjika, chombo cha maua kikatupwa, kokoto zikaporomoka kwenye ngazi, funguo zikadondoka kutoka kwenye vitasa. Kabla ya hapo akina Smith walikuwa wamesimulia nyayo, kengele na mwanga dirishani, lakini vitu kurushwa kulianza Price alipoingia. Bibi Smith aliliona hilo, na baadaye alisema wazi kwamba alimshuku mgeni wao.

Hapa ndipo huletwa kisa maarufu zaidi cha kumtia Price hatiani. Charles Sutton, mwandishi wa Daily Mail, alisimulia kwamba mwaka huohuo alipigwa kichwani na kokoto akiwa na Price nyumbani humo, akamkamata Price na kumkuta mifuko ya koti imejaa vipande vya matofali na mawe. Wakosoaji wanakipenda kisa hiki. Mimi nakipokea kwa tahadhari, kwa sababu kilichapishwa baada ya Price kufa mwaka 1948, miaka ipatayo ishirini baada ya tukio, wakati mshtakiwa hawezi kujibu. Tukidai ushahidi wa papo hapo kwa anayesema ameona mzimu, lazima tuudai pia kwa anayesema ameona mfuko wa mawe.

Barua ya 1931 ina uzito wa aina nyingine. Iliandikwa mambo yakiwa bado motomoto, na mtu mwenyewe, bila kulazimishwa na adui. Wakati huo nyumba ilikuwa mikononi mwa Kasisi Lionel Foyster na mkewe Marianne, waliohamia Oktoba 1930. Chupa ziliruka, milango ilijifunga, na maandishi ya penseli yakajitokeza kutani yakimwomba Marianne msaada na sala. Price alikadiria baadaye kwamba vituko vya kipindi hicho vilifika 2,000. Linganisha hesabu hiyo na barua. Elfu mbili kwa umma. Udanganyifu kwa rafiki.

Ili kumtendea haki, kulikuwa na sababu ya kunyamaza. Marianne Foyster alikuwa hai, na sheria ya Uingereza kuhusu kumchafulia mtu jina ni kali. Mwandishi asingeweza kuchapisha kirahisi kwamba mke wa kasisi ni tapeli. Hoja hiyo naikubali hadi nusu. Kama huwezi kumtaja mtu unayemshuku, unaweza kuviacha vituko vyake nje ya hesabu. Kuvihesabu huku ukimficha unayeamini amevifanya ni kumtumia msomaji.

Sehemu ya Borley inayonivutia zaidi, na isiyosimuliwa vya kutosha, ni mwaka ambao nyumba ilikabidhiwa watu wa kawaida. Mei 1937 Price aliipanga tupu kwa mwaka mmoja kwa pauni 30, kisha akatangaza katika The Times akitafuta watu wenye nafasi, akili na ujasiri, wasio na upande, wa kukesha kwa zamu. Waliojibu walizidi 200, akachukua 48. Aliwapa kijitabu cha maelekezo chenye jalada la buluu. Wakague kila chumba, wafunge madirisha, wazungushie alama za chaki vitu ili ijulikane vikisogea, waandike saa na mahali pa kila sauti. Kwa wakati ule huo ulikuwa utaratibu wa kuheshimika, na wasaka mizimu wa leo wangali wanaufuata bila kujua umetoka wapi.

Lakini kijitabu hichohicho kiliwaeleza wakeshaji mambo ya kutarajia: mtawa, nyayo, harufu, baridi ya ghafla, na mahali ambapo kila kimoja kilisemekana kutokea. Mtu akishaambiwa kwamba mbele ya chumba fulani hupoa ghafla, atasimama hapo na kipimajoto usiku wa manane akisubiri baridi. Alama za penseli nazo zilileta tatizo lake. Kila mkeshaji alizungushia duara alama alizoziona ukutani na kuandika tarehe, na aliyemfuata akipata mkwaruzo usio na duara aliuhesabu kuwa mpya. Katika jumba lililokaliwa miaka mingi na watoto wengi, nani angeapa kwamba ameuona kila mkwaruzo?

Wengi wa wale 48 waliandika walichokipata, yaani karibu hakuna kitu. Kukesha kwenye nyumba tupu isiyo na moto, ukiwa umetumwa na mtu mashuhuri anayengoja habari, kisha ukaandika tu kwamba usiku umepita kimya, kunahitaji moyo. Kati yao alikuwapo Sidney Glanville, mhandisi aliyechora ramani za nyumba, akawahoji wazee wa familia ya Bull, na kukusanya kila kitu katika jalada lenye kufuli. Humo aliweka hata mambo ambayo Price asingeyachapisha, zikiwamo tuhuma dhidi ya walioishi humo. Miaka ya baadaye, wachunguzi wapya walipokuja kumtilia shaka Price, Glanville hakuficha jalada lake. Katika kisa chote hiki hakuna ninayemheshimu kumzidi.

Mwisho wa nyumba ulikuja haraka, na kila hatua iligeuzwa kuwa ushahidi. Machi 27, 1938, katika kikao cha kibao cha kuandikia kilichofanyika London, “roho” ilisema nyumba ingeungua usiku huohuo. Haikuungua. Iliungua Februari 27, 1939, miezi kumi na moja baadaye, baada ya mmiliki mpya, Kapteni Gregson, kusema taa ya mafuta imeanguka alipokuwa akipanga vitabu. Kampuni ya bima iliamini moto uliwashwa makusudi. Mwaka 1943 Price alichimba chini ya nyumba akapata vipande vya mifupa, akavihusisha na mtawa. Kisha, Aprili 1944, wakati vibarua wakibomoa magofu, mpiga picha wa jarida la Life alipata picha ya tofali likielea hewani mlangoni. Price aliichapisha katika kitabu chake cha pili cha mwaka 1946, akipendekeza kwamba huenda ni kituko cha mwisho cha Borley. Mwenzake mpiga picha huyo, naye wa Life, aliyekuwapo alieleza baadaye kwamba nyuma ya ukuta kulikuwa na kibarua akirusha matofali, na kwamba Price alilijua hilo.

Ni mbinu ileile ya barua. Katika picha ya tofali hapakuwa na haja ya kutengeneza chochote. Kilichohitajika ni kumwacha kibarua nje ya maelezo.

Mwaka 1956 wanachama watatu wa Society for Psychical Research, Eric Dingwall, Kathleen Goldney na Trevor Hall, walitoa ripoti ndefu iliyoipasua Borley kipande kwa kipande. Goldney mwenyewe alikuwa pamoja na Price kwenye ziara ya 1931. Ripoti nayo haikuachwa. Mwaka 1969 Robert Hastings aliijibu kwa kurasa nyingi akisema imemwonea Price mahali kadhaa, na baadhi ya hoja zake ni nzito. Naona hilo ni jambo jema. Waliomhukumu walihojiwa kwa kipimo walichomtumia.

Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya Borley imekuwa ndefu mno, na gazeti lililoianzisha likajikuta tena njiani. Oktoba 2005 Daily Mirror lilichapisha maelezo ya Ciarán O’Keeffe, mwanasaikolojia aliyefanya kazi katika kipindi cha televisheni cha Most Haunted. Akiwa na shaka juu ya mwita roho wa kipindi hicho, Derek Acorah, aliwapenyezea watengenezaji jina la mtu asiyepata kuishi, Kreed Kafer. Herufi zake ukizipanga upya zinamwita Derek tapeli. Muda si muda, “roho” ya Kafer ikazungumza mbele ya kamera. Acorah alikana kudanganya. Mamlaka ya utangazaji, Ofcom, ilipopokea malalamiko ilikiona kipindi hicho kuwa burudani, si uchunguzi.

Uamuzi huo unaniuma kuliko utapeli wowote, kwa kuwa unafungua mlango wa kutokea. Mwonekano wote wa uchunguzi hubaki, vipimajoto, saa na kamera za usiku, lakini ukibanwa unajibu kwamba ulikuwa unachezesha watu. Wale wakeshaji wa 1937 hawakuwa na mlango huo. Walitia saini majina yao chini ya kurasa zilizosema hakuna kilichotokea.

Price alifariki Machi 1948. Maelfu ya vitabu vyake kuhusu mazingaombwe, uchawi na mizimu viliachiwa Chuo Kikuu cha London, vikafuatwa na majalada ya barua zake. Mwanamazingaombwe huyu, aliyejua vizuri kitu kinavyopotezwa, hakuyachoma. Waandishi wa ripoti ya 1956 waliyapekua majalada hayo, wakalinganisha alichowaambia rafiki zake na alichowauzia wasomaji.